Gemu la Binti Yangu Limeniaibisha, Nataka Lizuiwe

Mpendwa mshauri Evarista, shikamoo kama umenizidi umri, ingawa sidhani, maana mimi lori nimeendesha Mbeya hadi Iringa mpaka matuta yakanijua jina. Naomba msaada na usinicheke. Binti yangu Lusia ana kibanda cha gemu hapa Ipogolo, kina usukani na pedali kama gari kweli, na gemu lenyewe linaruhusu mchezaji atengeneze barabara yake awape na wengine, basi yeye katengeneza mlima wetu huu wa kupanda mjini, na magari kayafundisha ishara zetu, lori likiwasha indiketa ya kushoto, wa nyuma anajua mbele kweupe, anapita, likiwasha ya kulia anasubiri. Zile barabara zilizokuja na gemu zilinishinda, kule magari yanatembea upande wa kulia, nimegongana na lori huku nalitukana kwamba liko upande wangu. Lakini hii ya nyumbani nikaita watu waje waone dereva. Wakaja, mshauri. Nikapanda vizuri, nikatoa kichwa nje nione tairi za nyuma, dirisha hakuna, nikawa natazama ukuta. Basi moja la abiria likanifuata nyuma, kwa maringo nikaliwashia kushoto bila kuangalia mbele, likaniamini, likavaana na lori la mafuta lililokuwa linashuka. Zabron, aliyekuwa utingo wangu, akapiga kelele, "Bosi, umetuzika!" Sasa mtaa mzima naitwa Mzee Pita.

Nikamwambia Lusia aifute hiyo barabara, vitu vya gemu watengeneze wenye gemu tu. Akasema, "Baba, Jumamosi hii nilikuwa naipeleka Mbeya kwenye maonyesho. Ila hizo ishara umenifundisha wewe. Usiporidhia, nafuta." Tangu hapo shikamoo yake anaimeza. Na mimi nikishasema sirudi nyuma. Nishikilie hapo hapo?

Anyelwisye, Ipogolo

Marahaba naiacha, Mzee Anyelwisye, shikamoo wewe. Pole, na nisamehe, nimecheka. Sasa nisikilize. Barabara ya Lusia haina kosa. Kwenye zile nyingine hata ungewasha indiketa, hakuna ambaye angekujali. Hapa basi limekutii, ndicho kinachokuuma. Umekosea wewe, adhabu unampa binti! Walioliunda hilo gemu hawajawahi kukanyaga Ipogolo. Ukiwazuia akina Lusia, huo mlima nani atauweka humo? Ni kweli, vingine watu wanavyojitengenezea ni vibovu, magari yanapaa kama kuku. Ndiyo maana anatakiwa mtu wa kuvijaribu kabla havijatoka, na mtu huyo unaye ndani ya koti lako, wewe mwenyewe.

Kesho nenda kibandani mchana, watu wakiwepo. Zabron akikutania, mwache, wewe ulimtania miaka mingapi? Kaa, endesha taratibu, mwonyeshe Lusia kona gani ameikunja kupita kiasi. Kisha sema wote wasikie: "Mwanangu, ipeleke." Usiongeze "lakini". Na Jumamosi asubuhi, mbebee huo usukani mpaka kituo cha basi.