Sauti ya Baba Kwenye Simu Ndogo

Jumatatu, 2 Juni
Nimechuma chai mpaka saa nne, nikapeleka kituoni, nikarudi kwa laptop. Mvua. Baba amekaa jikoni, kitambaa shingoni. Miezi mitatu tangu madaktari watoe kisanduku chake cha sauti, kilikuwa na saratani. Haongei tena.

Kabla ya upasuaji tulirekodi maneno yake, Kikipsigis na Kiswahili, wiki mbili nzima. Nikamwandikia programu. Anagusa herufi za kwanza, simu inatamka neno kwa sauti yake mwenyewe. Simu ni yangu ya zamani, memori ndogo.

Jumamosi ya wiki ijayo ni koito, sherehe ya posa, ya dada yangu Chemutai. Watu wa mchumba wanatoka Sigor kuja kumwomba. Wa kuwajibu ni Baba.

Jumatano, 4 Juni
Mazoezi. Sentensi mbili, kisha simu ikafunga programu. Memori imejaa. Mara tatu hivyo. Ya tatu Baba akaweka simu kifudifudi mezani, akatoka nje.

Baba mdogo Wesley, ndugu yake, alikuwepo. "Wachana nayo, Chelang'at," akaniambia. "Mimi nitamwongelea. Si ni kawaida tu?"

Si kawaida. Ndugu huongelea aliyekufa, na Baba yuko hai. Nilikasirika, nikafungua laptop.

Alhamisi, 5 Juni
Nimejua memori inaenda wapi. Si sauti, hizo ziko kwa memori kadi. Ni pointa. Kila herufi ina pointa za kuonyesha herufi zinazoweza kufuata, na kila pointa ni anwani kamili, biti 64. Anwani zimekula nafasi kuliko maneno yenyewe.

Lakini maneno yote nimeyaweka sehemu moja. Anwani kamili ya nini? Inatosha kusema ni hatua ngapi kutoka mwanzo wa sehemu hiyo. Biti 32. Nusu. Hapa Kipkelion pia hakuna mtu anatoa anwani. Anasema nyumba ya tatu kutoka posho mill.

Nimeanza kuandika upya. Naogopa siku hazitoshi.

Jumatatu, 9 Juni
Programu mpya imekompaili bila hitilafu. Memori inatosha. Nikampa Baba, nikiwa na furaha ya kijinga.

Akagusa. Simu ikasema, "Karibuni." Halafu ikasema, "Rael."

Rael ni Mama. Tulimzika miaka sita iliyopita. Jina lake ndilo neno la kwanza Baba alichagua kurekodi, kwa hivyo limekaa mwanzo kabisa, hatua sifuri. Na pahali hapana neno, pointa huwa sifuri pia. Sikuangalia hilo. Kila pasipo na kitu, programu ilienda mwanzo ikamkuta Mama.

Ilimwita mara nne kabla sijaizima. Baba akalia bila sauti. Sijawahi kuona mtu akilia hivyo. Kosa ni langu.

Jumanne, 10 Juni
Nimerekebisha. Hatua sifuri nimeiacha tupu, na programu inaangalia sifuri kwanza kabla ya kufuata pointa yoyote. Nimejaribu asubuhi yote. Hairudii.

Nilimuuliza Baba kama nifute jina la Mama. Akaandika kwa daftari: Usilitoe. Liwe mahali naweza kulitafuta. Akageuza ukurasa, akaandika tena: Jumamosi nitaongea mimi.

Jumamosi, 14 Juni
Wageni walijaza sebule. Msemaji wao akamaliza kuomba. Baba akaanza kugusa simu, polepole sana. Baba mdogo akakohoa, akataka kuanza. Baba akanyoosha mkono kumzuia, bila kumwangalia.

Kisha ile sauti, neno moja moja. "Huyu. Ni. Mtoto. Wangu. Nimekubali. Mtunzeni."

Mzee mmoja wa Sigor akavua kofia. Chemutai akafunika uso. Mimi nilikuwa nimeshika kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya wageni, nikamwaga nusu sakafuni.

Simu haikufunga programu.

Jumatatu, 16 Juni
Jua kidogo. Vyombo vya watu bado havijarudishwa. Ng'ombe alipita ua, akaingia kwenye chai. Nilikuwa navaa gambuti nimfuate. Baba akasimama mlangoni, akagusa simu, akaiinua juu. Ikamwita ng'ombe kwa jina.

Ng'ombe akainua kichwa. Akakaa hivyo kwa muda, akisikiliza. Halafu akaanza kurudi.