Vidonge Kwenye Kopo la Kahawa

Mama Liliane,

Nimekwenda Kayanga kwa daktari. Mbuzi wahamishe kabla ya jua kali. Ndizi za mchana nimeshamenya, ziko kwenye maji.

Asubuhi ulipompa mwinjilisti Cleophace kopo langu atafune kahawa ya kumkaribisha, akatoa vidonge vyangu vya presha, nilikosa pa kuficha uso. Akasema, "Mzee, mibuni yenu siku hizi inazaa nyeupe?" Wewe hukucheka. Miezi minne nimevificha humo kwa sababu vinanikojoza, nikachoka kukimbilia migombani kila saa.

Na daktari anataka kunipeleka Dar wanipitishe mrija kwenye mshipa wa paja hadi kwenye figo, waunguze neva zinazopandisha presha. Hiyo ni kwa mtu ambaye presha yake imekataa dawa. Yangu haijakataa. Mimi ndiye niliyekataa, nanyi mkaniombea kanisani. Naenda kumwambia kabla hajaandika barua ya rufaa.

~~Mwinjilisti usimwambie kitu.~~ Mwinjilisti mwambie yote.

Cha leo nimemeza. Kopo nimeliosha, lina kahawa tupu. Mgeni akija, mpe bila kuogopa.

Baba Liliane