Karatasi Mbili za Oili Chafu

Jumanne, Lipangalala. Mawingu tangu asubuhi, mvua haijanyesha.

Dada Konsolata yuko Uarabuni, kwenye maabara ya kiwanda cha kusafisha mafuta. Anapima chembe ngumu zilizomo kwenye mafuta mazito kabla hayajaingia mitamboni, maana zikizidi zinaziba mabomba. Huu ni mwaka wa pili hajarudi. Nikiitazama picha yake akiwa na koti jeupe, natamani nisimame pembeni yake, hata kumshikia chupa tu.

Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, pima chembe kwenye oili chafu ya mashine ya kukoboa ya baba mdogo, mara mbili. Majibu yakilingana, nitamwambia baba akupeleke chuo cha maabara."

Baba humsikiliza yeye tu.

Basi nikapima karatasi mbili kavu za kuchujia kwenye mizani ya sonara. Nikachukua oili kipimo kilekile kwa kila karatasi, nikailainisha kwa petroli, nikachuja, nikasuuza, nikaanika. Leo nimezirudisha kwa sonara kuzipima tena. Uzito ulioongezeka ndio chembe zenyewe.

Sonara alicheka. "Binti, wenzako wanaleta hereni, wewe unaniletea masizi!"

Macho yangu yalikuwa kwenye tarakimu.

Nyongeza ya karatasi ya pili ilizidi ya kwanza karibu mara mbili.

Nilijua kosa kabla sijafika nyumbani. Ya kwanza niliianika chumbani. Ya pili niliiacha kwenye dirisha la banda la mashine, siku ambayo baba mdogo alikuwa anakoboa mpunga wa watu wa Mchombe. Vumbi la pumba. Hapa tunalinywa kwenye chai, limo kwenye nywele zetu, hatulioni tena. Nimelipima nikidhani ni oili.

Sasa niungame. Niliandika ujumbe kwa dada, nikaweka namba moja mara mbili. Angeamini. Nilikaa nao mkononi muda mrefu, nikijiona na koti jeupe.

Lakini kule kiwandani wanafungulia mafuta kwa kuamini namba ya dada yangu.

Nimeufuta. Nimemtumia namba zote mbili kama zilivyo, na habari ya pumba.

Hajasoma. Labda yuko zamu. Labda atasema sifai.

Nimezima simu nisiitazame.

Nimeiwasha tena.

Akijibu asijibu, kesho naanika karatasi mpya chumbani, nimefunga dirisha.