Maelezo ya Mpima Barabara Kuhusu Kalvati Lililofukiwa Kwenye Kona

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada. Kazini huitwa Mama Vipimo.
Umri: miaka 47
Kazi: mpima barabara
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya karakana
Yameandikwa: Alhamisi tarehe 14, saa 10:20 jioni, chumba cha maelezo, kituo cha polisi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeelezwa kwamba fomeni wetu alitoa taarifa kwa simu kuwa leo nilichomoa ufunguo wa mashine ya kuchimbia wakati watu wakiokolewa. Ni kweli niliuchomoa. Naeleza ilivyokuwa.

Mnamo tarehe 14, saa 4:10 asubuhi, nilikuwa ofisini. Mshika bendera wa barabarani alipiga simu akasema kilima kimeporomoka kwenye kona na kufunika barabara. Alisema wafanyakazi wawili walikuwa ndani ya kalvati, lile bomba kubwa la zege linalopitisha maji chini ya barabara, wakizibua matope. Mmoja ni mzee, fundi wa mawe. Wa pili ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Kazi hiyo nilimtafutia mimi.

Nilifika saa 4:35. Barabara haikuonekana. Udongo ulikuwa umejaa kutoka kilimani hadi bondeni, na vigingi vyangu vyote vilikuwa vimekwenda nao. Ungeapa kwamba pale hapajawahi kupita hata baiskeli. Zilibaki bikoni mbili tu, nguzo fupi za zege tunazopimia, moja mwanzo wa kona, nyingine mwisho wake.

Fomeni aliniambia, "Mama, nionyeshe pa kuchimba. Tukianza kubahatisha, hatuwapati leo."

Nilifungua faili juu ya boneti ya gari. Kona ile ina nusukipenyo cha mita 150 na inapinda kulia. Barabara inaingia kwenye kona ikiwa na mwelekeo wa digrii 40 kutoka kaskazini. Kodineti za kalvati, yaani namba zinazoonyesha mahali lilipo, hazikuwamo. Kilichoandikwa ni umbali tu: mita 78 na sentimita 54 kutoka mwanzo wa kona, ukifuata tao la barabara. Umbali huo ni digrii 30 za duara. Nilikokotoa mstari wa moja kwa moja kutoka kwenye bikoni ya mwanzo, nikapata mita 77 na sentimita 65. Kisha nikajumlisha 40 na 30, nikapata mwelekeo wa digrii 70. Nikapima, nikasimika kigingi.

Naomba iandikwe wazi kwamba hesabu hiyo ilikuwa na kosa, na kosa ni langu.

Saa 5:05 dereva wa mashine alianza kuchimba. Tunamwita Taratibu kwa utani, maana neno hilo halijui kabisa. Alichimba kama anayekimbizwa. Mimi nilisimama pembeni nikiangalia kinachotoka. Kilikuwa udongo mwekundu wenye mizizi. Nikangoja kokoto za msingi wa barabara. Ikaja mizizi tena. Chini ya barabara hakuna mizizi. Pale ndipo nilipojua nimefanya nini. Ukitaka mwelekeo wa nukta iliyo kwenye kona, huongezi pembe yote ya tao. Unaongeza nusu yake. Ni jambo ninalowafundisha wageni wa kazi siku ya kwanza.

Saa 5:40 nilipanda ngazi ya mashine, nikazima injini, nikachomoa ufunguo.

Fomeni alipiga kelele, "Umechanganyikiwa? Watu wanakufa humo!"

Nilimwambia, "Tunachimba kilima. Nimekosea."

Akasema, "Kama umekosea mara ya kwanza, ya pili nitaiaminije?"

Swali lake lilikuwa la haki. Aliondoka kidogo akapiga simu, nadhani ndiyo hiyo mliyoipokea hapa. Nilikaa chini kwenye matope nikaanza upya. Arobaini na kumi na tano ni 55. Kwa mwelekeo huo nukta ilikuwa mita 63.61 mashariki ya bikoni na mita 44.54 kaskazini yake. Yaani tulikuwa tumechimba mita ishirini pembeni.

Simu yangu iliita. Alikuwa mdogo wangu. Sikupokea.

Kisha nikaanzia bikoni ya pili, ya mwisho wa kona, kana kwamba ile hesabu ya kwanza haipo. Barabara inatoka pale kwa digrii 90, kwa hiyo anayerudi nyuma anaelekea 270. Tao lililobaki ni digrii 20, nusu yake kumi. Nikatoa, nikapata 260, mita 52.09. Nilipozigeuza kuwa kodineti kutoka bikoni ya kwanza, zikaja 63.61 na 44.53. Tofauti ni sentimita moja.

Nilimpelekea fomeni karatasi. Alizifuata namba kwa kidole, mara mbili. Taratibu ndiye aliyesema, "Mama, nipe ufunguo. Umetokea pande zote mbili ukakutana palepale. Mimi nachimba." Nikampa. Ufunguo nilikaa nao dakika 14.

Nilipima mita sita kutoka katikati ya barabara kuelekea bondeni, ulipo mdomo wa kalvati. Saa 6:30 zikatoka kokoto. Sijawahi kufurahia kokoto namna ile. Saa 6:50 Taratibu alizima injini mwenyewe, tukaendelea kwa majembe. Tukasikia chuma kikigonga zege kwa ndani. Fomeni alilala kifudifudi kwenye matope akaita. Sauti ikajibu, "Jamani, polepole! Mnatumwagia udongo machoni!"

Alikuwa shemeji yangu. Fomeni alicheka huku machozi yakimtoka.

Wote wawili walitoka saa 7:25 mchana wakiwa hai. Mzee alikuwa ameteguka mguu. Shemeji alichubuka bega tu. Aliniambia, "Shemeji, mmechelewa." Nikamwambia ni kweli, na kwamba aliyechelewesha si mwingine ila mimi. Akasema alikuwa anatania. Nilimpigia mdogo wangu nikampa mumewe simu, nikasogea mbali.

Fomeni alitaka kuja kufuta taarifa yake. Nilimwomba aiache, nije nieleze mwenyewe.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona na kuyafanya. Sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, koplo wa zamu. Nilipokuwa nikimsomea shahidi, alilala usingizi kwenye kiti. Nilimwacha dakika ishirini, kisha nikamsomea upya tangu mwanzo. Ameyakubali kuwa sahihi.