Kanga ya Wifi Zuhura

Burnsville, Marekani, Jumamosi usiku, Novemba 1996

Nilidhani nimemkanya kila mtu. Wiki nzima kabla ya igizo la nyimbo la shuleni kwao, binti yangu Rehema alinisihi: "Mama, please, no vigelegele. Just clap." Nikamwambia baba yake, nikawaambia na majirani tuliokwenda nao. Wifi Zuhura, aliyefika juzi kutoka Tanga, nikamsisitizia mara mbili. Na kweli hakupiga vigelegele.

Rehema akiwa katikati ya wimbo wake, peke yake chini ya taa, wifi aliinuka. Akateremka taratibu huku mabega yakicheza, akapanda jukwaani, akaivua kanga aliyojitanda na kumfunga mtoto kiunoni. Kumtunza, kama waimbaji wa taarabu wanavyotunzwa kwetu. Hilo sikulifikiria kabisa.

Ukumbi mzima wa Wazungu ukawakodolea macho. Nilitamani ardhi ipasuke.

Rehema hakuyumba. Alimshika shangazi yake mkono, akamaliza ubeti akiwa naye pale pale, sauti imenyooka, na kanga hakuifungua mpaka mwisho. Watu wakasimama kumpigia makofi. Mwanangu huyu, anayeona haya nikiongea Kiswahili dukani.

Mimi bado nilikuwa nimefura. Ndani ya gari nikaanza kumwomba radhi kwa aibu ile. Akanikatiza, tena kwa Kiswahili, ambacho sijui mara ya mwisho alinisemesha kwacho lini:

"Sasa Mama, mbona wewe hukuja kunitunza?"

Kesho wanaigiza tena. Kanga yangu nimeshaitia mkobani.