Ubao Niliouacha kwa Mwalimu Ukauke

Jumapili, Manundu. Mvua inanyesha tangu alfajiri na haina dalili ya kukatika. Afadhali inyeshe tu, sina hamu ya kuonana na mtu.

Nimesalitiwa. Acha niandike hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Mwalimu Hoza ndiye aliyenifundisha kuchora kwa rangi za mafuta. Kila Jumamosi nikiinuka kwenye cherehani nilikwenda kwake, nikamsafishia na brashi zake kwa mafuta ya taa. Neno lake lilikuwa moja: "Chora unachokiona, binti, usichore unachokitaka." Nikalishika kama amri.

Basi watu wetu kule Handeni walipoambiwa wahamie kijiji kipya, nilibeba ubao na rangi nikaenda kuketi mbele ya nyumba yetu kabla haijavunjwa. Nikachora kilichokuwepo: ukuta umeinama upande, mahindi yamekaukia shambani, na kando ya mkwaju kaburi la baba. Mama hakuililia nyumba, alililia kaburi. "Nyumba tutajenga," alisema, "huyu namwacha na nani?" Nikamwahidi atakaa naye ukutani, ndani ya picha.

Rangi za mafuta hazina haraka, siku nyingi zinapita na bado zinanata. Chumba changu kimejaa moshi wa mkaa na nyuzi za vitambaa, nikaona nimwachie Mwalimu ubao ukauke kwake. Mjinga mimi!

Jana mama akaja na basi, kavaa kanga mpya utadhani anakwenda harusini. Tukaenda pamoja. Mwalimu akamwamkia kwa heshima zote, akatukaribisha, akafunua ubao.

Nyumba yetu haipo. Pamesimama nyumba za mabati za kijiji kipya, zimenyooka mstari mmoja. Mahindi yamestawi, mkwaju hakuna, na pale penye kaburi pamepita njia pana, watu wanakwenda na majembe yao begani. Rangi yangu ilikuwa mbichi bado. Kaikwangua, kapaka yake.

Akanivuta pembeni. "Wageni wa wilaya wanakuja kuona maonyesho ya picha zetu," akaninong'oneza, anatabasamu. "Kaburi lingewaudhi. Nimekusaidia tu, binti."

Kunisaidia! Yeye yule yule wa chora unachokiona! Kikulacho ki nguoni mwako, wallahi. Na hata kuniuliza hakuniuliza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kachora vizuri. Zile nyumba unaweza kuingia ukaomba maji ya kunywa. Mimi sijafika huko, na kwa hasira hizi sijui kama nitashika brashi tena.

Nilitaka kumtukana. Matusi yalifika hadi kwenye ulimi, lakini mbele ya mama nisingeweza.

Mama alikuwa bado anautazama ubao. Akautazama kwa adabu, kama mgeni anavyotazama vitu vya watu.

"Pazuri, Mwalimu, hongera," akasema. "Sasa ya kwetu iko wapi?"

Mwalimu akainamisha macho. Mimi nikasema haijakauka, mama. Uongo ulinitoka wenyewe.

Sasa mama yuko hapa kitandani kwangu, anasikiliza mvua. Anasema hana haraka, atakaa nami mpaka picha ikauke, aondoke nayo.

Nitamwambiaje kwamba baba yuko chini ya ile njia?