Kwa Gibson Lumwachi, Uliyefia Mazoezi ya Wengine

Gibson, mwaka umetimia tangu uanguke kwenye njia ya baiskeli kule jangwani, na bado hatujapoa. Watu wanatuambia muda utatutuliza. Haujatutuliza.

Ulikuwa mlinzi wa jengo Oud Metha, hapa Dubai, ukiishi Muhaisnah na wenzako wa kampuni. Wao wakitoka duti walilala. Wewe ulivaa viatu vya kukimbia ukatoka tena, na joto lote lile.

Triathloni uliipenda tangu siku washindani walipopita mbele ya geti lako. Waogelee, wapande baiskeli, kisha wamalizie kwa mbio, yote kwa mpigo mmoja! Mbio ulizijua. Baiskeli ndiyo uliyobebea maziwa ya Mama huko nyumbani Maragoli. Kuogelea ndiko kulikokushinda, mpaka Bwana Badawi wa Lamu, mwenye duka la vitambaa Deira, alipokuchukua ufuoni Mamzar siku zako za mapumziko, akakushika mgongo kama mtoto mchanga. Dada yako Phyllis alikaa mchangani na taulo lako, akicheka hadi machozi.

"Legeza shingo, Gibson," Bwana Badawi alikuambia. "Hakuna anayekunyonga hapa."

Siku ulipofika kwenye maboya na kurudi peke yako, ulimpigia Mama simu ukiwa bado unachuruzika maji.

Ulikuwa mpole. Isaiah, mwenzako wa chumba, alipougua, ulimfulia nguo na kumpikia uji kabla ya kwenda kazini. Mji huu uliulalamikia jambo moja tu: hauna kilima. "Kwetu ukishapanda, unateremka ukipumua," ulisema. "Hapa ni kukanyaga tu, kutwa nzima."

Halafu kocha mmoja akakuona. Alikuingiza kwenye klabu yake nawe ukafurahi mno, lakini hakukuchukua ushindane. Alitaka ukae mbele ya wateja wake, uwakatie upepo kwenye baiskeli na kuwavuta kwenye mbio, wao wajivunie kasi yao. Zamu yako, akaahidi, itakuja msimu wa baridi. Ukamwamini. Ukamwambia mkeo Judy amwonyeshe binti yenu Trinah picha zako, ajue kwamba baba yake karibuni atavaa namba kifuani.

Asubuhi ile hata upepo ulikuwa wa moto. Isaiah alikuwa ameenda nawe kusaidia kugawa maji, na ndiye aliyetusimulia. Mteja mmoja alisema kichwa kinamuuma. Akaingizwa garini kwenye AC, khalas, mazoezi yake yakaishia hapo. Baadaye kidogo ukaja wewe.

"Sir, sijisikii vizuri," ulimwambia kocha. "Hata jasho limeacha kutoka."

Akacheka. "Yalla, songa, Gibson. Nyinyi Waafrika mmezoea jua."

Jua gani? Maragoli, ambako mwezi wa saba Mama haamki bila kuwasha moto, na nguo zinashinda kwenye kamba bila kukauka kwa mvua? Hakukuuliza unatoka wapi. Nawe ulirudi barabarani, kwa sababu ulikuwa umeahidiwa msimu wa baridi.

Hukufika mbali. Isaiah alikukimbilia, akakumwagia maji yote yaliyobaki, akakuita jina lako mpaka gari la wagonjwa likafika. Hukuitika tena.

Klabu ikatangaza kwamba ulikuwa na ugonjwa uliouficha. Ni uongo. Daktari aliyekupokea alimwambia Phyllis waziwazi kwamba ni joto lililokuua. Sasa wameandaa mbio kwa jina lako, na jina na uso wako wamevichapa kwenye fulana, unatabasamu. Kocha alimpigia Mama simu kuomba baraka zake, Phyllis akitafsiri. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Muulize," akasema, "mwanangu alipomwambia hajisikii vizuri, alimtazama usoni?"

Kocha akajibu kwamba siku ile kulikuwa na shughuli nyingi.

"Basi mwambie aliondoe jina la mwanangu kwenye nguo zao."

Hawajaliondoa. Wiki hii watakimbia, watapiga picha, watakusifu kwa moyo wako wa kujitolea. Sisi hatutakuwepo. Tutakuwa kanisani, wengine hapa Dubai na wengine nyumbani, na Bwana Badawi amesema naye atakuombea msikitini.

Wanaokulilia ni mama yako Agneta, mkeo Judy, binti yako Trinah, dada yako Phyllis, na Isaiah, ambaye sasa tunamwita mtoto wa nyumbani.

Kukusahau, Gibson, hatutaweza kamwe. Kusamehe bado hatujafika.